Swali la Siki

Mwalimu akikosa ni wajibu wake kukiri, na sisi tumekosa.

Siku moja chuoni tulikuwa tukisomesha mlango wa najisi. Kijana mmoja wa miaka 12 akauliza: "Maalim, mvinyo ukiwekwa miaka 400 hata ukageuka siki, je, ni halali?" Wenziwe wakacheka. Tukadhani anatufanyia mzaha. Tukamkemea mbele ya wote, tukamtoa darasani.

Jioni baba yake akaja kutueleza ya kuwa swali lile mwanawe alilipata katika mchezo wa kompyuta. Tukaenda kuutazama. Jina lake Day of the Tentacle, nao ulitolewa Marekani mwaka 1993 na kampuni ya LucasArts, viongozi wa kazi hiyo wakiwa Dave Grossman na Tim Schafer. Ni picha za katuni ziendazo. Vijana watatu wapelekwa siku ya jana wakauzime mtambo uchafuao maji. Lakini almasi ya chombo chao ni ya bandia. Chombo chaharibika, mmoja atupwa miaka 200 nyuma, mwingine miaka 200 mbele, na wa tatu arejea leo. Mchezaji hashindi kwa kupigana, bali kwa kufikiri: alichokiweka wa kale humfaa wa baadaye. Ndipo chupa ya mvinyo ikawekwa akiba zamani, na baada ya miaka 400 ikatoka siki.

Basi swali lilikuwa la kweli, na jawabu limo katika fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafii: mvinyo ukigeuka siki wenyewe, pasipo kutiwa kitu, umetahirika, na siki hiyo ni halali. Jawabu tulikuwa nalo; tulichokosa ni subira.

Hatusemi watoto waachiwe michezo hata sala ziwapite. Twasema tu kwamba kabla ya kumhukumu mtoto, tumuulize swali lake limetoka wapi.

Katika mchezo ule, jana yarudika. Sisi hatuna chombo hicho. Tunayo toba, na haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Kesho yake tukamwita kijana mbele ya wenziwe wale wale, tukamjibu, kisha tukamtaka radhi. Akainamisha kichwa, akasema: "Nimekuwia radhi, Maalim." Halafu akauliza swali jingine.

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio ya kusikiliza kabla ya ndimi za kukemea. Amin.