Ratiba ya Japani na Mtoto wa Miezi Kumi na Moja

Gari letu ni Raum ya mwaka 2004. Kila linapowashwa, sauti ya mwanamke hutoka kwenye dashibodi na kutamka maneno ya Kijapani, ambayo kwa miaka mitatu tuliyadhani kuwa ni salamu. Mwaka jana kijana wa jirani yetu aliyesoma Japani alipanda nasi kwenda harusini Temeke, akaangua kicheko. Mama yule hatusalimu, alisema. Anatukumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Tulipofika, kijana akainamia kioo cha nyuma na kusoma stika ndogo ya duara ambayo hatukuwahi kuibandua. Kwa kawaida, Mjapani hasajili gari mpaka athibitishe kwamba anapo mahali pa kuliegesha, na stika ile ilikuwa ushahidi wa jambo hilo. Ilitaja mkoa wa Aichi, mji wa Okazaki.

Sisi ni mume na mke. Mmoja wetu ni fundi wa magari Gerezani, mwenzake ni mwalimu wa shule ya msingi. Safari ya Japani tulianza kuiwekea akiba tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, shilingi kwa shilingi, na binti yetu akazaliwa akiba ikiwa imekaribia kutimia. Hatukuona sababu ya kuahirisha. Ugomvi ulianza pale fundi alipoileta mezani ratiba aliyoiandika kwa mkono wake: siku kumi, vituo saba vya magari.

Kimojawapo kilikuwa Daikoku, uwanja wa kuegesha magari huko Yokohama, katikati ya barabara za juu zinazojisokota kama ukili. Wapenzi wa magari hukusanyika pale usiku kuonyeshana waliyonayo. Hakuna treni ifikayo wala njia ya miguu. Mtu huingia kwa gari tu, na mara nyingi polisi huufunga uwanja kelele zikizidi. Mwalimu aliisoma karatasi mara mbili, akauliza mtoto atanyonya wapi. Katika ukurasa mzima, binti yetu hakutajwa hata mara moja. Tulinunianna siku mbili, kila mmoja akijifanya ana kazi nyingi.

Pana jambo ambalo msomaji hana budi kulijua. Alipokuwa na miezi minne, binti yetu alishikwa na nimonia. Tulimkimbiza hospitali saa nane za usiku, na tulipowasha gari, mama wa dashibodi akasema maneno yake yaleyale kwa upole uleule, wakati mtoto akivuta pumzi kwa tabu mapajani. Alilazwa siku tano, mpira wa hewa ukiwa puani. Alhamdulillah, alipona. Sasa ana miezi tisa, amekwisha kupata chanjo ya surua, na daktari ametuambia kwamba hakuna kinachomzuia kusafiri. Lakini tangu usiku ule, mmoja wetu huamka kila mtoto anapokohoa, na mwingine hujifanya amelala ilhali naye yu macho.

Mama mzazi wa fundi alipopata habari alikuja kutoka Tanga bila kuitwa.

"Wanangu, mimi sikatai safari," alisema. "Lakini mtoto aliyelala na mpira puani, mnamvusha bahari akaone vyuma?"

"Mama, daktari amesema mapafu yako safi."

"Daktari amesema mapafu. Mimi namwangalia mkwe wangu."

Fundi aliichukua karatasi yake akatoka nayo uani. Aliporudi, Daikoku ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na baada ya hapo tukaandika ratiba ya pili, sote wawili na mama akiwa msikilizaji.

Kwanza tulitafuta mwezi. Tuliogopa baridi ya Januari kwa sababu ya kifua cha mtoto, na joto la Agosti kwa sababu yetu sote. Mwishoni mwa Aprili na siku za mwanzo za Mei kuna sikukuu za mfululizo, ambapo Wajapani wenyewe husafiri kwa wingi na nafasi za kulala huwa adimu. Juni huja na mvua. Ikabaki katikati ya Mei. Ndege ni mbili kupitia Ghuba, ya kwanza takriban saa sita na ya pili takriban kumi. Mwalimu amepanga kunyonyesha wakati wa kupaa na kutua, kwani kumeza humpunguzia mtoto maumivu ya masikio. Kinachotutia hofu zaidi ni usingizi. Saa sita za usiku za Dar es Salaam ni saa kumi na mbili za asubuhi kule, kwa hiyo siku mbili za mwanzo tumeziacha tupu kabisa.

Gari hatutakodi. Sheria ya Japani inamtaka mtoto chini ya miaka sita akalishwe katika kiti chake maalumu, na binti yetu hukilia kiti cha namna hiyo hata kwa mwendo wa kutoka Ilala hadi Kariakoo. Tutapanda treni, naye atakaa mgongoni kwa mbeleko. Fundi aliumia kidogo: nchi ile huendesha kushoto kama sisi, na alishajiona yuko nyuma ya usukani.

Vituo vya magari vimebaki viwili na kipande. Cha kwanza ni jumba la makumbusho lililomo katika kiwanda cha zamani cha kufumia nguo, mjini Nagoya. Sakichi Toyoda alikuwa mtu wa vitambaa, si magari. Mwaka 1924 alikamilisha mashine ya kufuma inayojiendesha, haki zake zikauzwa kwa kampuni ya Uingereza mwaka 1929, na mwanawe Kiichiro ndiye aliyeingia katika magari. Mashine hizo huwashwa mbele ya wageni. Mwalimu, ambaye magari yote kwake ni rangi tu, amesema hapo atakaa hata nusu siku.

Cha pili kiko Nagakute, nje kidogo ya Nagoya, ambako treni isiyo na magurudumu, inayoelea kwa nguvu ya sumaku, humshusha mtu karibu na mlango. Huko kuna Toyota AA ya mwaka 1936, gari la kwanza la abiria la kampuni hiyo, ila lililopo ni nakala iliyoundwa upya. La asili linalojulikana liliokotwa Urusi na sasa limo katika makumbusho ya Uholanzi. Fundi alisikitika kusikia hivyo, kisha akasema atafurahi hata kwa nakala, maana Gerezani ameshafunga vipuri vya nakala vingi.

Kile kipande ni Okazaki, nusu saa hivi kwa treni kutoka Nagoya. Stika hutaja mji tu, haitaji nyumba. Hatutajua gari lilikuwa la nani, wala kwa nini aliliuza. Huenda alichoshwa na gharama za ukaguzi, ambao kule hurudiwa kila baada ya miaka miwili. Tunataka tu kusimama katika mtaa mmoja wenye nyumba za watu na kumpiga mtoto picha.

Maombi ya viza yanataka ratiba ya kila siku na sababu yake. Kwa Okazaki tulibishana tuandike nini, tukachelea ofisa asije akadhani tunafanya mzaha. Tukaandika kwamba tutatembelea ngome alikozaliwa Tokugawa Ieyasu mwaka 1543, na si uongo, kwani tutapita hapo.

Mama ameshafunga unga wa uji na visheti. Binti yetu bado hajatembea, lakini siku hizi gari likiwashwa na mama wa dashibodi akisema yake, naye humjibu kwa sauti kubwa hadi tunapofika barabara kuu.