Mfuko wa kulalia ukilowa, safari imekwisha

WAKENYA wengi wana jamaa katika jimbo la Minnesota, Marekani. Ikiwa wewe, mpenzi msomaji, utaalikwa huko, huenda siku moja wenyeji wako wakakuambia mwende mkapige makasia. Usikatae, lakini usiende bila ya kujiandaa.

Kaskazini mwa jimbo hilo, mpakani na Kanada, kuna hifadhi iitwayo Boundary Waters. Ina maziwa zaidi ya 1,000, na katika mengi ya maziwa hayo motaboti haziruhusiwi. Wasafiri wengi huanzia mji mdogo wa Ely. Mchana hupiga makasia, jioni hupiga hema kando ya maji. Ziwa likiisha, mtumbwi na mizigo yote hubebwa mabegani kupitia msituni hadi ziwa la pili. Hapo ndipo utakapotamani ungebeba mzigo mwepesi.

Kwa hivyo yaache mablanketi nyumbani. Kinachofaa ni mfuko wa kulalia uliojazwa manyoya mororo ya bata. Siri yake ni hewa inayonaswa kati ya manyoya hayo, ambayo huzuia joto la mwili lisitoroke. Asubuhi huubana ukawa mdogo, na usiku ukiufungua hufura tena.

Hata hivyo, adui wa manyoya ni maji. Yakilowa hushikamana, hewa ikatoka na joto likaisha. Nao mtumbwi unaweza kupinduka. Mwezi wa Septemba, baridi ya usiku huko yaweza kukaribia nyuzi 0 za Selsiasi. Kulala umelowa katika baridi hiyo, mbali na barabara na hospitali, ni kuhatarisha maisha.

Ukiwa dukani, soma kibandiko. Mifuko mingi huandikwa viwango viwili vya baridi: kile ambacho mtu atalala kwa starehe, na kile ambacho atavumilia tu akiwa amejikunja. Fuata kile cha starehe. Pia utaona nambari kama 600 au 800. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa, ndivyo manyoya ya uzito ule ule yanavyofura na kunasa hewa zaidi.

Vile vile, nunua godoro jembamba la sponji, kwani manyoya yaliyolaliwa na mgongo hubanwa yasitie joto. Mfuko wako pamoja na nguo kavu za kulalia vitie ndani ya mfuko mwingine usiopenya maji, na mdomo wake uukunje mara tatu kabla ya kuufunga. Ukirudi nyumbani, usiuweke ukiwa umebanwa, utundike.

Iwapo unajua huna subira ya kuulinda na maji, chukua ule wa nyuzi za kiwandani. Ni mkubwa na mzito zaidi, lakini hata ukilowa hubakiza joto kiasi. Afadhali kubeba mzigo mzito mchana kuliko kutetemeka usiku kucha.