Mbweha wa Tobia

Jina langu lilipopendekezwa kuwa mwenyekiti wa ushirika wetu, nilitaka kukataa. Nina kigugumizi. Na kwenye vimbweta maneno yalishaanza: "Huyu hata sala ya kufunga hamalizi, ataongoza nini?" Kiukweli yaliniuma, maana ndiyo niliyokuwa najiambia mwenyewe kila siku.

Musa naye alijitetea kwamba ni mzito wa kusema. Ukisoma Kutoka 4, husomi kwamba ulimi wake ulilainika. Unasoma kwamba alipewa Haruni. Basi nikakubali, nikamwomba katibu asome matangazo. Mimi nikabaki na ratiba, wagonjwa wa kutembelewa hosteli, na hesabu za sadaka.

Na wanaobeza je? Nehemia alipojenga ukuta wa Yerusalemu, Tobia alisema hata mbweha akiupanda utabomoka. Nehemia akaomba, kazi ikaendelea. Siku 52, ukuta ukaisha.

Mimi bado nakwama kwenye herufi "m", na mazoezi ya kufundisha yanakuja. Vimbweta navyo havijanyamaza. Ila ndugu yangu, kama umeitwa na unaogopa, usisubiri watu wanyamaze. Mtafute Haruni wako, kisha beba jiwe.