Kazimoto Hakutoka Paris

Mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi alifariki Dar es Salaam Januari 2020, na kama ilivyo ada, magazeti yalimwita gwiji kwa siku chache yakanyamaza. Mtajie jina hilo kijana aliyemaliza kidato cha nne Mbalibali, mkoani Mara. Akilijua, atakupa jina la riwaya, mwaka wake, na ile sentensi moja ya “falsafa ya mwandishi” aliyoikariri usiku wa mtihani. Udhanaishi, falsafa inayouliza kwa nini mtu aishi, ikiwa amewahi kuusikia, ni jambo la Wafaransa. Hajui kwamba aliyeuandika kwa Kiswahili alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na kwamba kisiwa hicho na mkoa wake wa Mara vinatenganishwa na kivuko cha Kisorya tu. Tusimlaumu kijana. Swali la kwa nini mtu aishi halikutoka Ulaya kuja Ziwa Victoria. Kilichobadilika ni jinsi linavyoulizwa, na mbele ya nani.

Kabla ya riwaya, Mara ilikuwa na mahali pa kuliulizia. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane na tumbo la mti lililowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito, ya kunguruma, ambayo kifua huipokea kabla ya masikio. Majirani zao Wajaluo wana nyatiti, nayo ya nyuzi nane, ila sauti yake ni nyepesi zaidi. Mpigaji hupiga akiimba: anataja koo, ng'ombe, mashujaa, na waliokufa. Anapomtaja aliyeuawa akifuata mifugo iliyoibwa, hamsifu tu. Anapima pia kama ng'ombe wale walistahili roho ya mtu. Waliomzunguka walimjua marehemu, wanawajua wajane wake, na wanaweza kuitikia au kukaa kimya. Hiyo ni falsafa yenye mashahidi. Leo mpigaji huyo huyo hupewa dakika chache uwanjani kabla mgeni rasmi hajahutubia, kisha mshereheshaji humkatiza, makofi yakapigwa, na ratiba ikaendelea! Tumeifanya sanaa ya kufikiri kuwa pambo la mapokezi.

Kezilahabi alilichukua swali hilo akalipeleka kwa msomaji aliye peke yake. Alipitia seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wahakiki hawakukosea walipoona kivuli cha wanafalsafa Camus na Nietzsche katika kazi zake. Lakini mtazame Rosa katika Rosa Mistika ya 1971. Nyumba ya baba yake, Zakaria, imejaa watu, wadogo zake wapo, mama yupo, kijiji kizima kinajua binti kapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Hata hivyo hakuna anayemsikia, na mwishowe anajiua. Katika Kichwamaji, 1974, Kazimoto anarudi likizo kijijini akiwa msomi. Dini imemponyoka, elimu haijampa kitu cha kushika badala yake, na mila zinamtazama kama mgeni. Naye anajiua. Huu si upweke wa mkahawa wa Paris, bali wa mtu aliyezungukwa na ndugu.

Wapo wanaopinga kwa kumtaja mwanafalsafa John Mbiti, aliyeeleza mwaka 1969 kwamba Mwafrika yupo kwa kuwa wenzake wapo. Basi, wanasema, udhanaishi ni gonjwa la kuazima. Hoja ina uzito, lakini inathibitisha kinyume. Pale ambapo utu wa mtu unategemea wenzake, wenzake wakimgeukia anapoteza kila kitu, na Rosa ni ushahidi. Wengine waliogopa kwamba vitabu hivi vinawafundisha vijana kukata tamaa, na Rosa Mistika ilizuiwa shuleni kwa muda kabla ya kuruhusiwa. Lakini anayesoma mpaka mwisho anaona gharama ya kifo kile imeandikwa wazi, na waliomfikisha pale wametajwa. Isitoshe, mwandishi hakuishia kwenye vifo hivyo. Katika vitabu vyake vya baadaye, Nagona na Mzingile, aliacha riwaya ya mtu na maisha yake, akaingia katika ndoto, mafumbo na ngano, safari ya kutafuta ambayo yenyewe ndiyo maana. Msomi aliyebobea katika vitabu vya Ulaya alirudi kwa wasimulizi, karibu na mpiga litungu kuliko alivyowahi kuwa.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Mwandishi alikwenda kufundisha Botswana, shule za kata zikaongezeka, simu zikaja, na fasihi ikageuka fani na maudhui, hoja tatu kwa kila kitabu. Kijana wa Mbalibali ana sababu nyingi za kujiuliza maisha ni ya nini: ardhi imebana, ajira hakuna, Hifadhi ya Serengeti iko mlangoni na hawezi kuingia. Walimu wa Serengeti na Tarime, mwiteni mpiga litungu darasani, mpeni kipindi kizima bila mgeni rasmi, kisha wapeni wanafunzi Kichwamaji wasome bila kuwauliza falsafa ya mwandishi. Waulizeni yao.