Adabu ya Mtoto wa Dawati la Nyuma

Nyani haoni kundule, nasi washairi hatukutolewa katika methali hiyo. Katika kurasa kama hizi tumezoea kusutana kwa vina na mizani. Mmoja humkosoa mwenziwe silabi iliyozidi, na mwenziwe humjibu kwa beti kumi. Ni nadra mtu kusimama akaeleza kosa lake mwenyewe. Leo, msomaji wangu, nimekusudia kulieleza langu. Nililitenda mwaka 2012, katika darasa la shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Mwanza, na halikuwa kosa la mizani.

Kilichonipeleka huko ni kazi ya tafsiri. Shirika moja lilinipa kijitabu cha Kiingereza, chenye maelekezo kwa walimu wanaofundisha watoto wenye ualbino, nikigeuze Kiswahili. Nilipanga chumba karibu na ziwa, mahali ambapo asubuhi husikia injini za mitumbwi ikirudi na dagaa, na dirishani huiona ile miamba mikubwa iliyobebana kana kwamba kuna aliyeipanga kisha akaondoka. Mchana nilitafsiri. Jioni nilitembea hadi mwaloni Kirumba, nikawatazama kina mama wakianika dagaa, nikasikiliza Kiswahili chao kilichochanganyika na Kisukuma, na mimi mtu wa pwani nikajifunza kwamba lugha si yetu peke yetu.

Haihitaji kueleza kwa nini kijitabu kile kilihitajika. Tangu mwaka 2006 na miaka iliyofuata, mikoa inayolizunguka Ziwa Viktoria ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Viungo vyao vilitafutwa kwa ushirikina, kwa ahadi kwamba mchimbaji atapata dhahabu na mvuvi atajaza nyavu. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ilipokaa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake. Wakati huo watoto wengi walikwisha kuondolewa vijijini na kupelekwa kwenye shule zenye mabweni na ulinzi: Mitindo huko Misungwi, Buhangija mjini Shinyanga, Kabanga kule Kasulu. Wengine waliendelea kusoma katika shule za kawaida, wakisindikizwa kwenda na kurudi.

Katika shule niliyoitaja alikuwamo mmoja wao. Mwalimu mkuu, aliposikia kwamba mimi ni mshairi, aliniomba nije siku moja niwafundishe wanafunzi wa darasa la sita utungaji wa tarbia. Nakiri kwamba ombi hilo lilinipandisha kichwa. Mimi sikukaa sana madarasani. Ushairi niliuokota kwa wazee barazani na lugha za watu niliziokota vitabuni, ukurasa kwa ukurasa. Kuitwa mwalimu, tena mbele ya ubao, kulikuwa heshima niliyoingoja bila kujua kwamba naingoja.

Kabla ya siku yenyewe nilikwisha kuambiwa habari za mtoto yule. Jirani yangu pale nilipopanga, mtu mwema aliyenikaribisha ugali na sato zaidi ya mara moja, aliniambia: "Hao watoto, kaka, ni wakaidi. Tangu dunia nzima ianze kuwahurumia wamedeka. Darasani hawaandiki, hawasikii, wanajua hakuna wa kuwagusa." Mwingine aliniambia kinyume chake, kwamba wana akili za ajabu zisizo za kibinadamu. Nilizicheka kauli zote mbili kwa pamoja, nikajiona mimi nimeelimika kuliko wasemaji. Sikujua kwamba ile ya kwanza ilikwisha kupata kiti moyoni mwangu.

Siku ilipofika niliandika ubeti niliokuwa nimeutunga kwa ajili yao, habari ya mwamba ambao kila mtoto wa Mwanza anaufahamu:

Mwamba ulio ziwani, mawimbi yakitibuka,
Hautetemi mwilini, wala haujatingika,
Umesimama juani, kivuli haukutaka,
Nani ajuaye ndani, ni vipi unavyochoka?

Mistari mitatu ya mwanzo niliisoma kwa sauti, tukahesabu mizani kwa kupiga makofi, nane kwa nane. Wa nne niliuandika kimya, kisha nikawaambia kila mmoja ahesabu mwenyewe daftarini, neno lisisikike. Darasa likatulia. Mtoto mmoja tu, kwenye dawati la nyuma karibu na dirisha, hakuandika. Shingo aliilaza upande kama mtu anayenibeza, macho yakimchezacheza yasinitazame, na kila mara akimnong'oneza jirani yake. Nilimwonya mara moja. Akanyamaza, kisha akanong'ona tena. Wenzake wakacheka, mmoja akasema, "Ndiyo tabia yake huyo, mwalimu, huyo mzungu."

Nilimwamuru atoke nje asimame ukutani mpaka nitakapomwita.

Alitoka bila ubishi. Ilikuwa kama saa tano ya asubuhi. Mwanza iko karibu mno na mstari wa ikweta, na jua la saa hizo halina mzaha hata kwa sisi wengine. Ukuta ule haukuwa na kivuli. Mimi niliendelea kufundisha habari ya mwamba uliosimama juani, wala sikujisikia.

Ilipita takriban nusu saa kabla mwalimu wa darasa hajarejea. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Nilimwona kupitia dirishani akimshika mtoto mkono, akimvuta upande wa pili wa jengo penye kivuli, akimvika kofia yake pana iliyokuwa imebaki dawatini. Kisha akaja mlangoni akaniita kando. Hakunikaripia. Aliniambia hivi tu: "Mwalimu, huyu mtoto haoni ubao. Ile minong'ono ni kumwuliza mwenzake kilichoandikwa."

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize vizuri, maana aibu yangu ilikuwa na mizizi miwili. Wa kwanza ni ule wa kila mtu: nilikosea. Wa pili ni wa mfasiri. Siku mbili nyuma, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimetafsiri ukurasa unaoeleza kwamba rangi inayokosekana katika ngozi ya mtu mwenye ualbino hukosekana pia ndani ya jicho; kwamba sehemu ya nyuma ya jicho haikukomaa ipasavyo, kwa hiyo miwani humsaidia lakini haimalizi tatizo; kwamba macho hucheza yenyewe bila hiari, na mtoto hujifunza kuilaza shingo upande mpaka apate pembe ambayo macho hutulia kidogo. Niliyaandika hayo kwa Kiswahili fasaha, nikajipongeza kwa kuchagua kitenzi "kutulia". Niliandika pia kwamba mtoto kama huyo akae mbele, na asiachwe juani bila kofia na nguo za mikono mirefu, kwa sababu saratani ya ngozi huwaua wengi wao wangali vijana. Maneno yote hayo yalipita mikononi mwangu kama mchele upitavyo kwenye ungo. Nilipomwona mtoto mwenyewe, sikumsoma kwa kijitabu. Nilimsoma kwa kauli ya jirani.

Nilimrudisha darasani, nikamketisha dawati la mbele. Ili kuificha fedheha yangu nilimwuliza kama anakumbuka chochote katika ubeti. Akasimama, akaikariri mistari mitatu ya mwanzo bila kukosa silabi, akitua pale pa kutua. Akanyamaza. Nikamhimiza aendelee. Akasema: "Wa nne hukuusoma, mwalimu."

Nimeyatafakari maneno hayo kwa miaka mingi. Mtoto niliyemhukumu kwamba hasikii ndiye aliyesikia kuliko wote. Alichokosa ni kile nilichomnyima mimi, na kukikosa kwake nilikuita utovu wa adabu.

Tumezoea kuuzungumza ubaguzi wa rangi kama jambo lililoletwa na meli na kuondoka na meli. Na ni kweli, ulikuwapo mwaka hadi mwaka katika vitabu vya serikali: shule za Tanganyika ziligawanywa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, mpaka sheria mpya ya elimu iliyoanza kutumika Januari 1962 ilipoufuta mgawanyo huo. Lakini sheria huondoa kibao cha mlangoni, haiondoi dawati la nyuma. Mtoto yule alizaliwa na baba na mama Wasukuma, weusi wote wawili. Ualbino hurithiwa pande zote mbili, kutoka kwa wazazi ambao wenyewe huenda hawana dalili yoyote, na kila mimba yao huwa na bahati moja katika nne ya kuzaa mtoto wa namna hiyo. Lugha yake ni yao, jina lake ni lao. Hata hivyo wenzake walimwita mzungu, na mama yake, nilivyoelezwa baadaye, alikwisha kusimangwa kwa zinaa asiyoifanya. Neno letu "rangi" hubeba mambo mawili, rangi ya kitu na asili ya mtu, na mtoto huyu alisagwa kati ya maana hizo mbili.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni ya Kanda ya Ziwa pekee, sisi wa visiwani tukakaa barazani na kuwasikitikia watu wa bara. Nilipokuwa mdogo alikuwapo mtaani kwetu mzee mmoja muuza kahawa, mwenye ualbino. Akipita, sisi watoto tulijitemea mate kifuani ili tusije tukazaa kama yeye, na wakubwa wetu walituona wasitukanye. Tukaambiwa kwamba watu kama yeye hawafi, hutoweka. Tulikiamini kisa hicho kama tulivyoamini hadithi za majini. Leo, nikiwa mtu wa maneno, kitenzi hicho hunitia baridi. Anayetoweka hana kaburi, hana muuaji, wala hana wa kumdai. Waliokuja kuwaua wengine walikuta lugha imekwisha kuwatangulia kuandaa njia. Na zilipofika siku za mauaji, vijiweni likazuka neno la kuwaita "dili". Mtu akageuzwa biashara kwa silabi mbili tu.

Katika kazi ile nilisumbuka sana na neno "zeruzeru". Nilitaka kuandika kwamba ubaya wake ni ngeli yake, kwamba "mazeruzeru" huwaweka watu kundi moja na mawe na majani. Nikakumbuka kwamba katika ngeli hiyo hiyo wamo mabwana na mawaziri, na hakuna waziri aliyelalamika. Ubaya haumo katika ngeli. Umo katika vinywa vilivyolitumia. Wenyewe wamependelea waitwe watu wenye ualbino, na mtu ana haki ya kuchagua aitweje. Neno hilo ni refu na linamsumbua mshairi mwenye mizani nane, lakini ni afadhali mshairi asumbuke. Miongoni mwao wamo walioingia Bungeni: Al-Shaymaa Kwegyir aliyeteuliwa mwaka 2008, na Salum Barwany aliyechaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010. Watu wa Lindi, pwani kama sisi, hawakumpigia kura mtu wa kutoweka.

Kesho yake nilirudi shuleni. Masikio ya mtoto na ukosi wake vilikuwa vimeiva vyekundu, na mahali pengine ngozi imeanza kuinuka. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomwaibisha. Hakunipa hotuba. Alisema, "Haidhuru, mwalimu," kisha akaomba nimsomee mstari wa nne. Nikausoma. Sijapata kuona uzito kusoma mstari wangu mwenyewe kama siku ile.

Niliporudi chumbani nilikifungua kijitabu. Chini ya sentensi isemayo mtoto akae mbele nikaongeza nyingine isiyokuwamo katika Kiingereza: "Na mwalimu asome kwa sauti kila anachokiandika ubaoni." Wenye kazi waliniuliza kwa mamlaka gani mfasiri anaongeza maneno. Niliwaeleza kisa hiki kama nilivyokueleza wewe. Wakaiacha.

Sikumwona tena mtoto yule. Sasa ni mtu mzima popote alipo. Naandika haya kwa sababu mambo hayajesha. Mwaka 2024 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu alichukuliwa mikononi mwa mama yake, na baadaye mwili wake ukaokotwa. Yeye hakulifikia darasa, wala dawati la mbele wala la nyuma.

Wenzangu katika sanaa hii, ushairi wetu ulikaa masikioni mwa watu karne nyingi kabla haujapanda ubaoni. Mkialikwa shuleni kufundisha, usomeni mstari kwa sauti kabla ya kuuandika, na baada ya kuuandika usomeni tena. Na mkimwona mtoto ameilaza shingo, mwulizeni kwanza kama anaona.