Kiumbe Aliyejifunza Lugha Penye Ufa

Kitabu kiitwacho Frankenstein kimetajwa mno na kusomwa kidogo. Wengi hudhani jina hilo ni la zimwi. La hasha, ni la Victor Frankenstein, mwanafunzi wa sayansi aliyeliunda kwa viungo vya maiti, kisha akalikimbia. Kiumbe chenyewe hakikupewa jina. Mary Shelley alianza kuitunga riwaya hiyo mwaka 1816 kando ya Ziwa Geneva, akiwa na miaka 18, katika kiangazi kilichokosa jua kwa sababu ya volkano ya Tambora iliyolipuka mwaka 1815. Sisi wa Rusizi, tukaao kusini mwa Ziwa Kivu na Nyiragongo ikiwa upande wa kaskazini, hatuhitaji kufafanuliwa sana habari ya volkano.

Nilikisoma kwa Kifaransa, nikitazamia kutishwa na makaburi. Aghalabu husemwa kwamba kinatuonya juu ya sayansi isiyo na mipaka. Yamkini ni hivyo. Lakini mwalimu wa lugha atatishwa zaidi na sura za kati, ambamo hamna maabara wala maiti. Kiumbe amejificha katika kibanda kilichoshikamana na nyumba ya maskini. Kupitia ufa wa ukuta anawasikiliza wenyeji, na miongoni mwa maneno yake ya kwanza ni moto, maziwa, mkate na kuni. Baadaye anakuja binti wa Kiarabu, Safie. Naye anapofundishwa Kifaransa, yule wa ufani anajifunza pamoja naye, tena anamshinda!

Hivyo ndivyo wengi hapa walivyojifunza Kiswahili. Kabla hakijawa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kilikuwa kimekwisha kuvuka mto Rusizi pamoja na wachuuzi wa Kamembe na Bukavu. Mtu alisikiliza bei ya sambaza na ya unga, akayashika maneno bila kitabu. Sisi wenye diploma tulifika baadaye na ngeli zetu.

Siku moja kiumbe anabisha hodi kwa mzee wa nyumba ile, ambaye ni kipofu. Mzee anamsikiliza, na kwa usemi wake anamdhania kuwa Mfaransa mwenziwe. Kwa kitambo kifupi lugha inatimiza yale tunayowaahidi wanafunzi wetu. Ndipo wanapoingia wenye macho: mmoja anazimia, mwingine anakimbia, na Felix, mwana wa mzee, anampiga mgeni kwa fimbo. Ufasaha wote haukumfaa kitu.

Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu. Watoto ninaowafundisha watavuka daraja wakiwa na Kiswahili safi, na huenda siku moja wakakutana na mtu atakayetazama uso au kitambulisho kabla ya kusikia salamu. Niwaambieje?

Nilipowasimulia kisa hiki, hawakuuliza habari za sayansi wala za zimwi. Walitaka kujua kama yule mzee kipofu, baada ya jamaa zake kumhamisha, aliwahi kumwulizia tena mgeni wake. Kitabu hakisemi.