Jina Langu Katika Daftari la Mke Wangu



Mimi ni mwalimu wa chuo. Nimesomesha Kurani kwa miaka zaidi ya thelathini katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, na elimu yangu ya skuli haikuvuka ile ya msingi. Siwezi kujidai kuwa mjuzi wa biashara. Nitakalolieleza hapa ni kosa nililolitenda ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na sababu ya kulieleza ni kuwa naliona likitendwa katika majumba mengi ya Waislamu, wala halihesabiwi kuwa kosa. Mke wangu nimemtaka ruhusa kabla ya kushika kalamu, naye amenipa.

Wasomaji wa mbali huenda hawaijui kazi ya mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza huku kwetu mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, wakati mimi ni kijana. Maji ya bamvua yakipwa, wakulima huteremka pwani na vigingi na kamba. Hufunga vipande vya mwani katika kamba, kimoja kimoja, na baada ya wiki sita hivi huvuna, hubeba mpaka nchi kavu na huanika. Ukikauka, huuzwa ukapelekwa ng'ambo, ambako utomvu wake hutumika kugandisha vyakula, dawa za meno na vitu vingine vingi. Mwanzoni wanaume nao waliifanya kazi hii, lakini walipoona malipo yake ni kidogo wengi waliiacha, wakabaki wanawake. Nao wakasomesha watoto kwa kazi hiyo, wakajenga na nyumba za mawe.

Kisha bahari ikabadilika. Maji yalizidi joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri, inayoitwa kotonii, ikawa inapauka na kufa katika maji ya kina kifupi. Wanawake wengi wakabaki na spinosumu, ambayo bei yake ni ya chini. Ndipo mwaka 2006 palipoanzishwa Zanzibar mpango wa kuwakutanisha wakulima wa mwani, wataalamu na serikali, na miongoni mwa walioushughulikia sana ni Dkt. Flower Msuya, mtaalamu wa mambo ya bahari. Wanawake wakafundishwa kuusaga mwani ukawa unga, na kutoka katika unga huo kufanya sabuni na vitu vingine. Elimu hiyo ikaenea kijiji hata kijiji, nayo ikamfikia mke wangu.

Alirudi siku moja na kipande cha sabuni kilichofungwa katika karatasi, kinanukia karafuu. Akanieleza namna inavyofanywa: mafuta ya nazi, unga wa mwani, na maji yaliyotiwa kostiki. Akanionya, kama vile mimi ndiye nitakayepika, kwamba kostiki ndiyo hutiwa katika maji, wala maji hayatiwi juu ya kostiki, maana huchemka na kumrukia mtu. Kisha sabuni hukatwa na kuachwa wiki nne au zaidi hata ikomae. Kipande kimoja kiliweza kuuzwa shilingi 2,000. Kwa wakati huo kilo moja ya mwani mkavu ilinunuliwa kwetu kwa shilingi 400. Basi kipande kimoja cha sabuni, ambacho mwani uliomo ni kijiko tu, kilikuwa na bei ya kilo tano. Hesabu hiyo aliifanya yeye. Mimi nilikuwa nikimsikiliza huku nikitafuta miwani yangu.

Kwa muda wa mwaka na zaidi alikuwa akiweka akiba katika mkebe wa maziwa ya unga, chini ya kitanda. Zilifika shilingi 180,000. Fedha hizo zilikuwa za kununulia mafuta, kostiki na vibao vya kumiminia sabuni, ili ajiunge na wenziwe katika kikundi.

Ilikuwa mwaka 2013. Katika ukoo wetu palikuwa na harusi, na mimi ni mkubwa kwa umri na tena ni mwalimu. Niliona haya kutoa mchango mdogo mbele ya watu. Nikaufungua mkebe nikachukua shilingi 150,000. Jioni nikamwambia mke wangu, "Mama watoto, nimechukua kidogo katika zile fedha, kwa ajili ya harusi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Mwalimu." Mimi nikalihesabu neno lile kuwa ni ridhaa, nikalala usingizi.

Harusi ilipita, na mchango wangu ulisifiwa. Wenziwe wakaanza kufanya sabuni, na wakapata mtu wa kununua vipande 200 kwa mara moja. Yeye hakuwa na sehemu katika vipande hivyo, kwani hakuwa na mafuta wala kostiki. Akarudi baharini, akawa anakwenda na kamba zake kila bamvua, wala hakunilaumu kwa neno lolote. Nami, kwa kuwa hakunilaumu, nilisahau.

Miezi minane baadaye nilikuwa nawafasiria wanafunzi wakubwa ile aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani. Nikawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe pamoja na muda wake, likiwa dogo au kubwa, na kwamba hekima yake ni kuondoa shaka baina ya watu. Nilisema kwa kirefu, na nadhani nilisema vizuri. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikuwa ameketi katika msitari wa mbele. Aliinamisha macho wakati wote. Nilidhani ni adabu.

Usiku ule nilitaka karatasi ya kuandikia barua. Nikachukua daftari lililokuwa juu ya kabati, nikalifungua. Lilikuwa daftari la mke wangu, limeandikwa kwa mkono wa binti yangu. Palikuwa na orodha ya watu waliochukua kamba, waliochukua vitumbua, waliokopa sukari, na mbele ya kila mmoja kiasi anachodaiwa na siku aliyochukua. Wengi walikuwa wamekwisha kufutwa kwa msitari. Katikati ya orodha palikuwa na jina ambalo halikufutwa: "Mwalimu, 150,000."

Ndugu msomaji, nimepata kusomewa makosa yangu na mashekhe walionifundisha, na sikuona haya kama nilivyoona mbele ya maneno yale mawili. Nilifanya hesabu ambayo sikuifanya siku ile ya mkebe. Shilingi 150,000, kwa bei ya shilingi 400, ni kilo 375 za mwani mkavu. Na kilo saba hata kumi za mwani mbichi hukauka zikawa kilo moja. Basi mchango wangu uliosifiwa ulikuwa zaidi ya tani mbili na nusu za mwani mbichi, uliobebwa kichwani, maji yakimchuruzika mbebaji machoni. Sikuubeba mimi hata kilo moja.

Nikamwuliza, "Mbona uliniambia sawa?" Akajibu, "Mwalimu, fedha zilikuwa zimekwisha kwenda. Ningesema nini tena?" Nikauliza, "Na mbona umeniandika?" Akasema, "Wewe ndiye unayewafundisha watoto kwamba deni huandikwa."

Hapa ndipo penye maneno ninayotaka kuyasema. Sisi wanaume hupenda sana kumtaja Bibi Khadija binti Khuwaylid (r.a.) tukitaka kuwausia wanawake. Husema alikuwa tajiri, na alikuwa mke mwema aliyemsaidia Mtume (s.a.w.) kwa mali yake. Yote ni kweli. Lakini tuitazame kisa chake tangu mwanzo. Alikuwa na mali yake mwenyewe, akiwapa wafanya biashara wakaenda nayo safari kwa mapatano ya kugawana faida. Mtume, kabla ya utume wake, aliichukua mali hiyo mpaka Sham pamoja na Maysara, mtumishi wa Bibi Khadija, akairudisha ikiwa na faida kubwa na hesabu iliyonyoka. Hakuifungua mikebe yake. Uaminifu wake katika mali ya mwanamke yule ulikuwa ndio sababu ya kumpenda. Na msaada alioutoa Bibi Khadija baadaye aliutoa kwa moyo wake mwenyewe, mali ikiwa mkononi mwake. Asiyekuwa na mamlaka ya kukataa hawezi kusemwa kuwa ametoa.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amebainisha kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake vile vile wana fungu lao. Na katika aya ya 4 ya sura hiyo, mume ameruhusiwa kula katika mahari ikiwa mke amemtolea kitu kwa radhi ya nafsi yake. Nimeisomesha aya hiyo mara nyingi kupita kiasi, na sikutambua kwamba kunyamaza kwa haya si radhi ya nafsi. Na lile la matumizi ya nyumba twalijua sote: ni juu ya mume, hata mke awe tajiri. Akisaidia, ni hisani yake, na hisani haidaiwi.

Nilianza kulipa. Nilikuwa na minazi michache, na wazazi wa wanafunzi hunipa kidogo. Nilikuwa nikitoa shilingi 30,000 kila mwezi, na kila mara binti yangu akiandika mbele yangu. Lilipobakia fungu la mwisho nilichoka, nikajaribu ujanja wa mwalimu. Nikamkumbusha mke wangu ile aya ya mahari na thawabu za kusamehe. Akacheka, akasema, "Zilete kwanza, Mwalimu. Zikifika mkononi mwangu nitajua kama moyo wangu unataka kutoa." Nikazileta. Akazishika, akazitazama, kisha akazitia katika mkebe akaufunga. Binti yangu akapiga msitari juu ya jina langu.

Sabuni ya kwanza aliifanya katika mwezi uliofuata.

Kina dada na kina mama mnaofikiri kuanza biashara, nami sina ujuzi ila wa kutazama, niruhusuni nitaje mambo matatu niliyoyaona kwa mke wangu. La kwanza ni daftari. Asiyejua kuandika amwite mtoto wake. Huyo ni karani asiye na mshahara, na tena mtoto atajifunza uaminifu humo. Fedha za biashara na fedha za nyumba zisilale katika mkebe mmoja.

La pili ni mtaji wa halali. Watu husema pasipo benki hapana mtaji, na si kweli. Upatu wa bibi zetu hauna riba, kwani kila mtu hupokea kile kile alichokitoa. Viko pia vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mtindo wa vikundi hivyo ulianza kwa wanawake wa nchi ya Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea Afrika, hata huku kwetu. Vikundi vingi huongeza kitu juu ya mkopo, na hapo pana riba, hata kama itaitwa jina jingine. Kikundi cha mke wangu waliliona hilo, wakapatana kwamba mkopo wa fedha urudi kama ulivyotoka. Atakaye mafuta na kostiki, mfuko wa kikundi hununua kwanza vitu hivyo, kisha humwuzia kwa bei na faida inayojulikana, naye hulipa kwa muda. Hiyo ni biashara, na biashara ni halali. Mwenye fedha na asiye na nafasi aweza kushirikiana na mwenye mikono kwa kugawana faida, kama ilivyokuwa mali ya Bibi Khadija.

La tatu ni elimu ya kuongeza thamani ya kitu kilicho karibu yako. Mwani ulikuwapo siku zote, na bahari ilikuwa ile ile. Kilichobadili bei ni wiki chache za mafundisho.

Na kwa waume wenzangu nina neno moja tu. Mwatafuta njia ya kumsaidia mke aliye na biashara, na pengine hamna fedha za kumpa, kama mimi nisivyokuwa nazo. Msaada wa kwanza haugharimu kitu: acheni mtaji wake mahali alipouweka. Msaada wa pili ni kumpa saa zake. Maji ya bahari hayamngojei mtu apike kwanza, na mwanamume aliyekwisha sali asubuhi aweza kuwasha moto na kuchemsha chai. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake, sisi ni nani hata tuone haya?

Mke wangu hajawa tajiri. Hupata cha kumtosha, na mwaka ukitimia hukaa na binti yake wakatazama kama zaka imempasa. Ramadhani moja alikuja chuoni na mzigo wa misahafu mipya kumi kwa ajili ya wanafunzi. Nikasoma moyoni habari za Bibi Zainab binti Jahsh (r.a.), mkewe Mtume, aliyekuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka. Nikamwambia, "Mungu akulipe." Akanijibu, "Amin. Hii nimetoa mwenyewe."

Mwenyezi Mungu atubarikie katika chumo letu na la wake zetu, na atuepushe na kula visivyo vyetu, hata vikiwa chini ya vitanda vyetu. Amin.